Mapigo Mawili ya Shangazi

Mwanamke wa ukoo wetu akishafariki huwa mpole ghafla. Hata kama alikuwa moto wa kuotea mbali, siku ya mazishi husomwa kwamba alizaliwa Simbo, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaanza kusumbuliwa na presha, akalala katika Bwana. Mimi ndiye msomaji wa wasifu wa marehemu katika familia yetu tangu nikiwa msichana, kwa sababu sauti yangu inafika nyuma bila kipaza sauti. Nimewasoma wengi, na kila nikisoma nakasirika. Mtu ameishi miaka yote akipigana na dunia, halafu tunamzika mwingine kabisa.

Mama yake babu yangu alifanyiwa kinyume chake. Huyo tuliambiwa alikuwa mla watu. Tukigoma kulala tulitishiwa yeye, kwamba atakuja na sikio la mtu mdomoni. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyeniambia mengine: kwamba bibi huyo aliletwa Ujiji enzi za utumwa akiwa na kamba shingoni, kwamba mlinzi alipoinama kuikaza ile kamba alimng'ata sikio likakatika, na kwamba alikimbilia kwenye matete ya ziwani huku damu ya mtu mwingine ikimtiririka kifuani. "Sikio wanalikumbuka," Shangazi alisema. "Kamba hawaikumbuki." Alikuwa anachambua mchele na wala hakuinua uso.

Shangazi mwenyewe alifariki mwaka jana, nyumbani kwake Buzebazeba. Naye alikuwa na sikio lake, maana kuanzia mjini mpaka mwaloni Katonga, boti za wavuvi zinakoegeshwa, alijulikana kwa jambo moja: ndiye mwanamke aliyemvunja mwizi mguu, kisha akamkalia kama kigoda. Kwa ajili ya hilo wachumba wawili walimkimbia binti yake. Ndugu zao walisema hawawezi kuoa kwenye nyumba yenye roho ya namna hiyo.

Asubuhi ya mazishi baba mdogo aliniita uani, pembeni ya akina mama waliokuwa wanapika. Yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. "Soma kuzaliwa, soma ndoa, soma ugonjwa," aliniambia. "Mambo ya Katonga yaache Katonga."

Binti yake Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya msiba kiunoni. Ni mtoto wake wa pekee, ni mkubwa kwangu, namwita dada. Alisubiri mpaka baba mdogo akaenda zake kuwapokea watu.

"Mimi nilikuwa bweni siku ile, sekondari hatukuwa tumefunga," alisema. "Mama nilimuuliza mara moja, akaniambia nikateke maji. Ninachokijua nimesimuliwa na watu baki. Wewe ulikuwepo. Leo nataka nimjue aliyenizaa kabla hawajamfukia."

Nilikuwepo, ndiyo. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, likizo nilipelekwa kwa Shangazi nimsaidie kuanika dagaa. Jua lilikuwa limeshapanda. Tulikuwa tunageuza dagaa juu ya chanja nikasikia mtu anapiga kelele za mwizi, na watu wakaanza kukimbia kuelekea majini. Kijana mmoja alikuwa amebeba gunia la Shangazi, dagaa wakavu tayari kwenda sokoni. Hakufika mbali. Mvuvi alimrushia jiwe likampata kisogoni, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga wenye magamba.

Sijui kama msomaji amewahi kuona watu anaowajua wakigeuka. Yule aliyekuwa akinipa samaki wa kuchoma, migebuka, ndiye aliyemkanyaga kijana yule mkono kwa buti mpaka vidole vikatanuka. Muuza chai alimpiga na birika, maji ya moto yakamwagika shingoni mwake, ngozi ikabadilika rangi. Walikuwa wanacheka. Damu ilikuwa inamtoka puani na masikioni, inaingia mchangani, na mtu mmoja alimshika kichwa akampigiza kwenye ubavu wa boti. Kisha nikasikia wanasema liletwe tairi. Kwenye mwalo petroli haitafutwi, iko kwenye kila injini. Mmoja alikuja na dumu akaanza kumwagia mgongoni.

Hapo Shangazi akafika. Alikuwa ameng'oa mti wa chanja, ule mnene wa kona, na nusu ya dagaa wetu walikuwa wamemwagika chini. Aliwapasua watu katikati.

"Kaibiwa nani?" aliuliza. "Nimeibiwa mimi. Basi huyu ni wangu. Tokeni."

Wakampisha, maana Katonga mwenye mali ndiye mwenye neno la kwanza, na wengine walifurahi wakijua kwamba kitaonekana kitu. Akampiga pigo la kwanza. Lilitua begani, na kijana aliyekuwa amenyamaza akalia kama mtoto. Watu wakashangilia. Shangazi akasimama kidogo, mti ukiwa juu. Niliona anamwangalia mwenye dumu, anaangalia kiberiti mkononi mwa mwingine, kisha anaangalia miguu ya yule kijana. Akapiga tena, chini ya goti. Nilisikia mfupa. Ulilia kama kuni kavu inapovunjwa kwenye goti.

Halafu akamkalia. Akaketi juu ya mgongo uliolowa petroli, akakunja miguu, akaweka mti mapajani. Petroli ikapanda kwenye kanga yake mpaka kiunoni, rangi ikakolea.

"Sasa hakimbii," alisema. "Mwenye kiberiti na awashe."

Hakuwasha mtu. Alikaa hapo jua likimchoma, wakimtukana, wakimwambia ainuke, mmoja akimvuta mkono na yeye akimpiga huyo mmoja na mti kwenye vifundo vya vidole. Hasira za watu zilichoka kabla yake. Mwishowe walikuja wanaume wawili na baiskeli ya mizigo, wakamfunga kijana kwenye keria na kumpeleka hospitali. Jioni mwalo mzima ulikuwa unasimulia jinsi mwanamke yule alivyo katili: kijana ameshapigwa, ameshalegea, yeye bado anamvunja mguu na kumkalia. Waliokuwa na petroli ndio walioongoza kusimulia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto, nilimwambia Shangazi kwamba mimi najua alimwokoa. Nilidhani atafurahi.

"Mwana wanje, mwanangu, usinipake mafuta," alisema. "Lile la kwanza lilikuwa la hasira. Gunia lile nililianika na homa mwilini, nami nilitaka afe. Ningekuwa na mti mzito zaidi ningempiga kichwani. Ila alipolia nikasikia ni mtoto wa mtu. La pili nikapiga kwa akili. Nilijua wakiona mfupa watashiba." Akakohoa. "Siku ukinisomea, soma yote mawili. Ukisoma moja tu umenidanganyia watu."

Kwa hiyo nilisimama chini ya turubai, jeneza mbele yangu, nikasoma kuzaliwa, nikasoma ndoa, nikasoma ugonjwa. Baba mdogo alianza kupumua. Kisha nikaikunja karatasi, nikasimulia Katonga kama nilivyoisimulia hapa, birika, dumu, kiberiti, pigo la hasira na pigo la akili. Sauti yangu ilifika nyuma. Nilikuwa na hasira. Niliwaangalia waziwazi wazee wawili wa mwaloni waliokuwepo siku ile, nao wakaangalia viatu vyao. Dada yangu alilia bila sauti, ameshika jeneza upande wa miguuni.

Nilipomaliza, kwenye viti vya nyuma alisimama mwanamume mwenye fimbo. Nilimjua kwa mguu kabla ya kumjua kwa uso, kwa sababu mguu ule ulikuwa umepinda kwenda nje chini ya goti, na suruali upande huo ilikuwa imekunjwa. Baba mdogo alitaka kumkalisha. Dada akasema aachwe.

"La kwanza lilinipata bega," alisema yule mtu, taratibu, kama anayeongea na mtu mmoja. "Likapona. La pili ndilo hili." Akaugonga mguu na fimbo. "Kwa hili sikuvua tena, sikulima. Msichana niliyekuwa nimemchumbia akaolewa na mwingine. Nimemlaani huyu mama kila nilipopanda kilima. Leo nimekuja nihakikishe amekufa."

Watu wakaguna. Yeye aliendelea kuliangalia jeneza.

"Nilikuwa nimelala kifudifudi," alisema. "Nilihisi uzito tu. Ile petroli sikujua kama ilimlowesha na yeye."

Akakaa. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyemuuliza, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Mguu ulikuwa wake, na miaka ilikuwa yake.

Makaburini vijana walianza kufukia. Yule mtu alikuja mpaka ukingoni, akaomba koleo kwa kunyoosha mkono. Kijana aliyekuwa nalo alimtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama pembeni. Akapewa. Lakini mtu wa namna ile hawezi kushika koleo na fimbo kwa pamoja, akabaki anayumba juu ya udongo mlegevu, kila kitu mkono wake. Dada yangu akazunguka kaburi, akaipokea fimbo, akampa bega lake aegemee. Yule mtu akafukia, koleo baada ya koleo, jasho likimtoka, na dada akaishika ile fimbo mpaka alipomaliza.