Mwenzi wa Madame

Shemeji yangu Adolphe alikuwa na kamba wa baharini. Mdudu gani, sijui. Miguu tele, mgongo mwekundu wenye mstari mweupe, masharubu marefu kuliko mwili. Jina lake Madame. Nasi tuko Likasi, ambako bahari tunaijua kwenye ramani tu.

Alimpata kwa injinia mmoja mzungu aliyekimbia nchi baada ya uporaji wa mwaka wa tisini na moja. Adolphe, fundi umeme, ndiye aliyekuwa akimtengenezea pampu ya akwariamu. Siku ya kuondoka mzungu akamwambia achague kitu. Friji ilikuwepo, viti vya ngozi vilikuwepo. Bwana huyu akachagua sanduku la kioo lenye maji, pamoja na magunia ya chumvi ya bahari! Dada yangu Georgette alinuna hadi Krismasi.

Samaki wakafa mmoja mmoja, akabaki Madame. Umeme ukikatika, Adolphe alimpulizia hewa kwa pampu ya baiskeli, jasho likimtoka. Nikamcheka. Akanijibu, "Usine imelala, shemeji. Nikiamuka asubui, huyu njo peke yake iko nangojea minye." Kiwanda alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa kweli. Nikaacha kucheka, kwa muda.

Humo humo nyumbani, nilimokaa nami, aliishi mama yangu Kabedi, aliyekuja kwetu mambo yalipoharibika kwake Kakanda. Na mnajua mila: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, naye mkwe haingii mama anapopika. Katika nyumba ya vyumba viwili, heshima hiyo ni kazi ya kutwa. Adolphe alikohoa kabla ya kupita kila mlango. Mama alijifunika kitenge. Maneno yao yalipitia kwangu.

"Mwambie mukwe wangu, ile mududu yake inanitazamaka," mama alisema, na mukwe mwenyewe yuko nyuma ya pazia anasikia kila neno.

Basi Adolphe akaamua kwamba Madame ana upweke, anahitaji mwenzi. Lakini mwenzi asiyemla! Alilia kwa hofu hiyo mbele yetu bila aibu. Jirani yetu Clémentine alikuwa akienda Dar es Salaam kununua vitenge. Adolphe akamtuma posa kabisa huko baharini, kama tunavyofanya kwa binti: kabla ya kumkubali mchumba, unaulizia ukoo wake. Je, ni wezi? Ni walevi? Wanapiga wake zao?

Clémentine alirudi na dumu la maji. Njia nzima, kwenye treni na malori hadi Kasumbalesa, alikuwa akilipulizia hewa kwa mrija, na maofisa wa mpaka wakamwona kichaa wakampisha. Tukaketi baraza la familia, mama nyuma ya pazia, Clémentine akatoa ripoti.

"Nalianza na moja ya sura ya muviringo, banaiitaka bunju. Heshima mingi, inakuya kukusalimia. Nikauliza muvuvi: inakulaka nini? Anasema, inapasulaka kaa na kamba na meno. Nikaikatala! Ingine, kikande, mugomvi, inafukuzaka bote mu nyumba. Nikaikatala. Hii kadogo, muvuvi anasema inapendaka kukaa kwake, haina maneno na kamba."

Alikuwa samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda myeupe. Adolphe akatia mkono kumkaribisha. Samaki akamuuma kidole.

"Mwambie mukwe wangu," likasema pazia, "bwana-arusi wa kuuma baba-mukwe, haiko bwana-arusi."

Lakini posa ilishakubaliwa. Tukamwita Monsieur. Wiki nzima waliishi kwa amani, kila mmoja na jiwe lake. Kisha asubuhi moja tukasikia Adolphe anapiga yowe. Chini ya maji lilikuwa gamba la Madame, tupu, zima, na masharubu yake yote. Nyama hakuna.

"Amemukula kama ndizi!" Georgette akasema.

Adolphe akaketi sakafuni akalia. Kilio chetu hakifichiki: majirani wakasikia, wakaja, wakafunga turubai uani, wanawake wakaanza nyimbo. Walipouliza marehemu ni nani nikaona haya, nikasema, "Wa upande wa Adolphe." Wakaimba zaidi.

Mama akatoa hukumu. Monsieur akavuliwa, akatiwa kwenye bakuli, akapelekwa jikoni. Mafuta yakaanza kuchemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa.

Mimi nilikuwa nazima pampu, kwa nini tupoteze umeme, nilipoona masharubu mawili yakitoka chini ya jiwe. Kisha kichwa. Kisha Madame mzima, laini, kama amevaa nguo mpya. Kumbe alijivua gamba, akajificha mpaka lingine liwe gumu!

"Shemeji! Iko muzima!" nikapaza sauti.

Adolphe alitazama mara moja tu. Halafu akakimbia. Hakukohoa, hakuita. Aliingia jikoni moja kwa moja, akamnyang'anya mama mkwe wake bakuli mkononi, juu ya mafuta, macho kwa macho.

Nyimbo zikakatika. Miaka yote ya ndoa ile hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Adolphe akapiga magoti, bakuli kifuani.

"Mamu, unisamehe. Hana kosa."

Mama akamtazama usoni. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona sura ya mkwe wake.

"Kumbe weye iko na uso wa mutoto," akasema. "Na umekonda hivi, juu ya nini haukuniambia?"

Kwa kosa lile Adolphe alitoa kuku, kama mila inavyotaka. Mama alimpika kwa mafuta yale yale, majirani wa kilio wakajisogeza. Kisha akavuta kiti kwenye meza, akampiga Adolphe bega ili akae, akamwekea paja la kuku juu ya bukari yake, yaani ugali.

"Kula," akamwambia, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.