Nyati wa Mama

Siku mbili kabla ya benki kuacha kupokea noti za zamani, Hajra wa Lionja, aliyekuwa akishona kwa cherehani ya kukodi, aliufumua mto wa sufi alioachiwa na marehemu mama yake. Mama hakujua kusoma. Kila alipouza ufuta alizipanga noti kwa wanyama, nyati na nyati, simba na simba, akazishonea humo.

“Kafungie vitumbua hizo!” jirani yake Fauzia alimcheka. “Nyati siku hizi yuko kwenye sarafu.”

Huko Nachingwea, karani alizipangusa sufi, akazikagua moja moja, akampa mpya.

Jioni Fauzia alisaidia kuishusha cherehani mpya kwenye bodaboda.

“Shika vizuri, mwenzangu,” Hajra alimwambia. “Hao ndio nyati wa mama.”