Nakala ya Thelathini na Tisa

Mwaka 1975, katika shule moja ya sekondari ya Manika, mjini Kolwezi, kulikuwa na chumba kidogo ambamo hata walimu hawakuingia bila kubisha hodi. Ndani yake mlikaa mashine ya roneo ya kutolea nakala, na mwenye mashine alikuwa Tata Omari, yaani Baba Omari, mchapaji wa shule. Kwa maandishi ilikuwa mali ya shule, lakini hakuna aliyethubutu kusema hivyo mbele yake. Kila asubuhi alivaa koti lake la kijivu lililopigwa pasi, akapangusa rola kwa kitambaa, akajaza wino, kisha akazungusha mkono wa mashine mara mbili bila karatasi, kama mtu anayemwamsha mzee kwa adabu. Siku hizi kijana anapiga picha ubao kwa simu yake, na simu inabaki inajua somo kuliko yeye. Wakati ule somo lilikuwa na harufu ya wino, na aliyelichapa alikuwa na jina.

Omari alizaliwa Kasongo, akaja Katanga akiwa kijana, juu ya lori la mjomba wake, na elimu ya darasa la nne. Mdogo wake Masudi ndiye aliyerithi malori, akawa dereva wa kupeleka na kuleta bidhaa Zambia. Omari alitaka kazi ya kukaa mahali pamoja. Kwa miaka tisa alichapa masomo ya kila aina, hesabu, historia, jiografia, na hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja mpaka mwisho. Hakuona sababu. Ukurasa ulikuwa umejaa, haukumhitaji. Yeye alitazama tu kama herufi zimetoka zote, maana sifa yake ilikuwa hiyo: mashine ya Omari hairuki herufi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule akaja mwalimu mpya, Mama Mbelu, binti wa familia ya Kasai ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya mgodi. Alipewa sayansi, na kwa kuwa mwalimu wa Kiingereza alikuwa amehamia Likasi, akabebeshwa na Kiingereza. Mama Mbelu hakupenda imla. Aliona wanafunzi wakiandika saa nzima, vichwa chini, mikono ikifanya kazi na masikio yakilala. Akaamua kuwapa somo likiwa limechapwa tayari, ila penye yale maneno yanayobeba somo aache nafasi tupu, ili kila mmoja amfuate kwa makini na kujijazia mwenyewe.

Sasa, stensili, ile inayovishwa rola ili wino upenye penye herufi, ni karatasi laini ya nta. Ukiipiga mistari mingi kwa taipureta, inapasuka. Kwa hiyo Mama Mbelu hakuweka mistari wala nukta penye nafasi zake. Aliacha weupe mtupu. Akaweka stensili mbili juu ya meza ya Omari, moja ya sayansi, moja ya Kiingereza, na kijikaratasi kilichoandikwa: nakala 38. Akaenda zake.

Omari alichapa karatasi ya majaribio, akaiinua penye mwanga wa mlango, akaona matundu kumi. Alisafisha rola, akachapa nyingine. Matundu yale yale. Akaketi. Miaka tisa bila kuruka herufi, na leo maneno mazima yamepotea. Alidhani taipureta ya ofisini imeng'oka meno, na mwalimu, kwa ugeni wake, hakuona. Basi akachukua kalamu ya chuma ya kurekebishia stensili, akaanza kumsitiri mwenzake.

Karatasi ya sayansi ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa cha kusoma polepole alikuwa nacho. Alijaza kwa akili ya mtu mzima. Waliposema maji huchemka kwa digrii fulani, akaandika: nyingi. Waliposema joto la mwili hupimwa kwa kitu fulani, akaandika: mkono. Waliposema shaba hupitisha umeme vizuri kuliko kitu fulani, akafikiri sana, akaandika: mbao. Kiingereza hakukijua kabisa, lakini siku hiyo lori la Masudi lilikuwa gereji na Masudi mwenyewe yuko nyumbani, barabara ya pili. Omari alikwenda mbio na stensili mkononi. Masudi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha mpakani, alimpa maneno matatu yaliyokuwa yamemfikisha salama kila safari: yes, okay na no problem. Omari akayapanga kwa zamu mpaka matundu yakaisha.

Saa nne Mama Mbelu aligawa karatasi bila kuzitazama, akaomba darasa la tatu lisome ya Kiingereza kwa pamoja. Wanafunzi thelathini na wanane wakasoma kwa utii mkubwa: "Yesterday my mother okay to the market."

Mama Mbelu akasimama kinywa wazi. Akachukua ya sayansi. Kijana mmoja wa mbele, Kabongo, aliyekuwa wa kwanza darasani na alijua hivyo, akanyoosha kidole.

"Mama Mwalimu, hapa banasema joto ya mwili tunapima na mukono. Mama yangu anafanyaka vile kila siku. Sasa tunalipa masomo juu ya nini?"

Kicheko kilianza kwake, kikapita benchi kwa benchi, na Mama Mbelu mwenyewe akalazimika kujifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kilimfikia pia Prefe Kisimba ofisini mwake, na kwa kuwa prefe ndiye mkuu wa shule, kicheko ambacho hakukiruhusu kilimsumbua. Alikuja, akasoma, akamwita Omari, akamtaja kwa heshima ya siku zile, Citoyen, yaani mwananchi.

"Citoyen Omari, nani alikupa ualimu?"

"Hakuna mutu, Citoyen Prefe. Mi niliona matundu, nikaziba."

"Umeziba karatasi makumi saba na sita, na hii mwaka karatasi haipatikane. Kesho unaenda kulinda mulango. Mashini atashika mwengine."

Omari alitazama mikono yake iliyokuwa na wino kwenye mikunjo ya vidole, wino ambao sabuni haikuwahi kuutoa wala yeye hakuwahi kutaka utoke.

Mama Mbelu akasema, "Citoyen Prefe, kosa ni yangu, sikumwelezea. Alichapa masomo miaka tisa na hajaona hata moja likifundishwa. Umuache akae darasani kwangu, ajue tundu ya mwalimu na tundu ya mashini."

"Mutu wa miaka makumi ine na tatu?"

"Benchi ya nyuma haina mutu."

Prefe Kisimba alikuwa mtu wa masharti. Ukimpa shauri, alilikubali likiwa limefungwa kamba. Akasema: "Sawa. Mwisho wa muhula nitakuja mi mwenyewe. Atajaza karatasi moja mbele yangu, yote. Ikibakia tundu moja, anaenda mulangoni."

Ndivyo Tata Omari alivyoingia darasa la tatu. Kila Mama Mbelu alipofundisha, alifunga chumba chake, akavua koti asilichafue kwa chaki, akakaa nyuma na nakala yake ya majaribio, maana kijikaratasi cha mwalimu kilisema bado 38, magoti yakigusa ubao wa dawati. Aliyeumia zaidi alikuwa Nuru, binti yake, aliyekaa mistari miwili mbele yake.

"Nuru," wenzake walimuuliza, "baba yako eko anasoma mwaka gani? Mukipata karatasi ya pointi, nani anasaini ya mwenzake?"

Kabongo naye alijaribu bahati yake. "Tata Omari, si ulipotea njia? Wazee banakaaka kule ofisini."

"Mutoto," Omari akamjibu akichonga penseli, "ile siku uliingia hii shule, karatasi yako ya kuandikishwa ilipita mu mukono yangu. Mi njo nilikuchapa. Kaa muzuri."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena.

Kilichomshangaza Omari ni kwamba matundu yale yalimfuata nyumbani. Kurasa nzimanzima za miaka tisa hazikumnyima usingizi hata siku moja, lakini ukurasa wenye tundu ulimkalia kooni. Akila bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, mkono ulisimama njiani. "Nuru, ile kitu inafanya chuma ishike kutu, mwalimu alisema ni maji peke yake, ao maji na hewa?" Nuru alijibu kwanza kwa kununa, halafu kwa kucheka, na kufikia wiki ya tano yeye ndiye aliyemuuliza baba, kwa sababu baba alikuwa na ugonjwa wa kusikiliza. Hakujua kukisia. Alikwisha kukisia mara moja maishani na kuvuna aibu ya karatasi sabini na sita, basi sasa hakuweka neno mpaka limetoka kinywani mwa mwalimu.

Hata Kiingereza kilimkubali. Masudi aliporudi kutoka Kitwe, kule Zambia, Omari alimwambia mlangoni, taratibu, kwa Kiingereza, kwamba jana alikwenda sokoni na kununua samaki. Masudi alishusha begi.

"Hii jana uliitoa wapi?"

Maana Kiingereza cha Masudi kilikuwa cha leo tu, hakikuwa na jana wala kesho. Jioni ile dereva aliyevuka mpaka mara mia alikaa kwenye kiti kifupi, akafundishwa jana na mchapa karatasi, na Nuru akiwasahihisha wote wawili.

Wiki ya mwisho ya muhula ikafika. Somo lilikuwa moyo wa binadamu, matundu kumi. Omari alichapa karatasi hizo asubuhi, akizungusha mashine taratibu kuliko kawaida, maana hakujua kama ataichapia tena. Darasani Mama Mbelu alikuwa na desturi yake: kila aliposema neno la tundu moja, alitia alama ya penseli kwenye karatasi yake mwenyewe, asije akajipoteza. Alisema la kwanza, la pili, akafika la sita, kwamba moyo una vyumba vinne. Akanyanyua mkono kuonyesha mchoro.

Mlango ukafunguka. Prefe Kisimba akaingia na abakosti yake nyeusi, koti la wakubwa wa siku zile, lisilojua kukunjamana. Darasa zima likasimama, benchi zikagonga sakafu, salamu ikaimbwa, prefe akaijibu, akawaketisha, akapita katikati, akachukua karatasi moja ya ziada mezani, akakaa nyuma karibu na Omari. Benchi ililia. Akatoa kalamu, akawa naye anajaza, kama kuonyesha kwamba jambo lenyewe ni dogo.

Mama Mbelu akageukia ubao, akaendelea: mshipa mkubwa kuliko yote unaitwa aota. Mpaka la kumi. Kule nje mlinzi akagonga kipande cha reli, saa ikaisha.

Prefe akaichukua karatasi ya Omari. Alisoma kwa kidole, polepole, na darasa lote likageuka kutazama kidole kile. Kilishuka, kikasimama.

"Namba saba iko wazi."

Nuru akainamisha kichwa. Mama Mbelu akashika meza.

"Damu inayotoka mapafuni inaingia upande gani wa moyo?" prefe akasoma. "Citoyen Omari, hapa hakuna kitu. Tulipatana nini?"

Omari alisimama. "Tulipatana tundu moja, mulango. Lakini namba saba, mwalimu hakuisemaka."

"Benzako bote bameandika."

"Mi sijue bo balisikia wapi."

Prefe akaamuru karatasi zije. Kabongo alikuwa ameandika kulia, na benchi tatu zilizo nyuma ya Kabongo zote ziliandika kulia. Upande wa dirisha waliandika kushoto. Mmoja aliandika katikati. Nuru aliandika kulia, akafuta, akaandika kushoto, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

"Kabongo, nani alikuambia kulia?"

Kabongo alikuna shingo. "Citoyen Prefe, niliona inafaa."

Wakati huo Mama Mbelu alikuwa ameinamia karatasi yake. Alama ya penseli ilikuwepo kwenye sita, ilikuwepo kwenye nane. Kwenye saba palikuwa peupe. Akaileta, akaiweka mbele ya prefe.

"Kwa nini uliiruka?" prefe akauliza.

Mwalimu akapangusa chaki mikononi kwa adabu. Omari ndiye aliyejibu, naye kwa adabu vilevile: "Njo pale uliingia, Citoyen Prefe."

Prefe Kisimba akatazama karatasi yake mwenyewe, aliyokuwa amejaza kwa ukamilifu, akaikunja mara mbili, kisha mara nne, akaitia mfukoni. Omari, aliyekaa bega kwa bega naye, alikuwa ameona kilichoandikwa kwenye saba. Hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa mkewe, na mkewe hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa mtaa.

Halafu prefe akacheka. Hata wanafunzi waliokaa shule ile miaka mitatu hawakuwahi kumsikia akicheka, hawakujua kama wacheke naye, mpaka Mama Mbelu alipoanza.

"Hata hivyo," alisema alipotulia, maana sharti ni sharti, "matundu iko kumi na hapa iko tisa."

Mama Mbelu akarudi ubaoni, akaweka kidole kwenye mchoro, akasema kwa sauti ya wazi kuliko siku zote: "Damu inayotoka mapafuni inaingia upande wa kushoto wa moyo."

Tata Omari akaketi, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa, akaandika neno moja. Hakuna aliyetoka nje kucheza mpaka alipomaliza. Na Kabongo, ambaye alipenda kuwa wa kwanza kwa kila kitu, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Muhula uliofuata, asubuhi ya siku ya kwanza, Omari alivaa koti la kijivu, akapangusa rola, akaiamsha mashine mara mbili. Mezani palikuwa na stensili mpya ya Kiingereza, yenye matundu kumi na mawili, na juu yake kijikaratasi cha Mama Mbelu.

Nakala 39, kilisema.