Bi Mwisho na mabadiliko ya Mwalimu

Saa tatu asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja umeshika waya wa diski, macho kwenye skrini. Anahesabu kimoyomoyo, kisha anachomoa waya ghafla. Kompyuta inalalamika kwa maandishi mekundu, inatulia, inaendelea na kazi. Anauchomeka tena na kuchora mstari wa kumi na sita kwenye daftari.

Mara ya kumi na saba kompyuta inaganda. Kishale hakisogei, kibodi haijibu. Anapiga kofi moja la furaha, halafu furaha inamtoka usoni na anakaa kitako palepale.

"Nilikuwa naomba nisiione," anasema. "Hii ni kazi ya Mwalimu wangu."

Mwanamke huyu hukagua mabadiliko kwenye kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Ukihifadhi barua au ukipiga picha kwa simu, kiini ndicho kinachoiamrisha mashine. Huandikwa na maelfu ya watu waliotawanyika duniani, na katika sehemu anayoishughulikia yeye, ile ya diski, hakuna mstari unaoingia kabla ya mwingine kuusoma. Msomaji akiridhika, huongeza chini ya mabadiliko maneno "Imekaguliwa na", kisha jina lake. Jina hilo halifutiki tena, hata mwenyewe alie vipi.

Ofisi yake ni chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani. Mna meza moja, kompyuta tatu, mojawapo ikiwa tumbo wazi, na kibodi isiyo na herufi K. Cherehani iko upande wa pili wa ukuta, na siku zote mbili nilizokaa hapo mazungumzo yetu yalikwenda na mlio wake.

Wenzake wanamwita Bi Mwisho kwa sababu husoma msimbo, yaani maandishi ya programu, kuanzia chini kwenda juu. Hutazama kwanza kazi inatokaje mambo yakiharibika, ndipo aje kwenye mwanzo. Amemrithi mama yake, ambaye hajawahi kusifu gauni kabla ya kuligeuza ndani nje.

"Watu wanamtumia kazi, yeye anawarudishia makosa yao, na bado wanamlipa," mama anasema huku akivuta uzi. "Mimi nikimwambia mteja kiuno kimeongezeka, simwoni tena."

Malipo hayo yalichelewa kuja. Kwa miaka mitatu alitengeneza simu dukani mchana, na saa za jioni alikagua msimbo bila kupata hata senti. Barua yake ya kwanza kwa waandishi wa kiini ilikuwa na makosa kumi na moja. Wengine waliipuuza, lakini mzee mmoja, msimamizi wa sehemu ya diski, alimjibu kosa kwa kosa, kwa upole, kana kwamba hana kazi nyingine. Ndiye anayemwita Mwalimu. Wameandikiana kwa miaka minane na hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Ukutani, juu ya meza, kuna karatasi iliyobandikwa kwa pini. Ni mabadiliko ya mistari thelathini ya mtaalamu mmoja maarufu, na chini yake jina la Bi Mwisho. Aliyapitisha miaka minne iliyopita bila kusoma sehemu ya mwisho, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa mtu mkubwa. Wiki tatu baadaye kompyuta za zahanati moja ziliganda, na wauguzi wakashinda kutwa wakiandika wagonjwa kwa mkono.

"Hakufa mtu, nashukuru. Lakini nilikuwa nimesaini kitu ambacho sikukisoma," anasema. "Tangu siku hiyo sitazami jina la aliyeandika. Leo ndiyo nimeshindwa kutolitazama."

Mabadiliko ya Mwalimu yana mistari mia mbili na kumi na mbili. Ni ya mwisho kabla ya kustaafu, na dirisha la kuyapokea linafungwa Ijumaa. Wakaguzi wawili wameshaweka majina yao. Limebaki lake tu, na leo ni Jumatano.

Kosa lenyewe liko karibu na mwisho. Kabla ya kuandika kwenye diski, msimbo hufunga kufuli ili mwingine asiingilie, na ukimaliza hulifungua. Waya ukichomoka katikati ya hatua mbili fulani, msimbo wa Mwalimu unaondoka bila kufungua. Bi Mwisho ananielezea kwa lugha ya nyumbani: mtu ameingia bafuni, akajifungia kwa komeo, kisha akatokea dirishani. Walio kwenye foleni nje watasubiri hadi kiama.

Anaandika barua ya kuyakataa mabadiliko hayo. Itasomwa na watu wote wa sehemu ya diski, hakuna faragha. Anaandika, anafuta, anakwenda kunywa maji, anarudi. Mama anachungulia mlangoni na kuuliza kuna nini, naye anamweleza.

"Mshono umeachia au haujaachia?"

"Umeachia, mama."

"Basi mwambie. Au unataka avae hivyohivyo mbele za watu?"

Barua inaondoka. Jibu la Mwalimu linakuja kabla ya chakula cha mchana, nalo mbele ya wote: kosa ni lake, ameusoma msimbo huo mara nne na hakuliona. Dakika chache baadaye simu inalia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulikaa na hiyo barua muda gani kabla ya kuituma?"

"Saa moja na nusu."

"Hapo ndipo ninapokulaumu. Kosa umeliona, saa moja na nusu ya nini?"

Bi Mwisho anacheka, na machozi yanamtoka, wala hayafichi. Mwalimu anaendelea kumwambia kwamba kesho ataandika kwa wote kumpendekeza yeye awe msimamizi wa sehemu ya diski. Alikuwa akitafuta mrithi mwaka mzima, na leo amempata.

Alhamisi asubuhi toleo lililorekebishwa linafika. Mtu angedhani ataweka jina mara moja. Anapiga magoti na kuchomoa waya mara sitini, kisha anamwita mama yake amchomolee mara arobaini zaidi, kwa sababu mkono wa mama haujui wakati wa kuogopa. Mara mia moja, na kompyuta haigandi.

Ndipo anapoandika "Imekaguliwa na" na jina lake. Juu yake kuna mstari ambao Mwalimu ameuongeza mwenyewe: "Kosa limegunduliwa na", na jina lilelile. Mama anavaa miwani ausome, anaangalia muda mrefu, kisha anarudi kwenye cherehani yake akitembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Namuuliza Bi Mwisho msimamizi mtarajiwa ana mipango gani. Anasema ataanza kujibu barua za wageni, kosa kwa kosa, kama alivyojibiwa yeye.

"Nitafute mmoja, nimfundishe kila ninachojua," anasema, akizungusha waya mkononi. "Halafu siku moja nimletee kazi yangu, anikatalie."