Kinyonga Asiye na Pembe

Juzi mjukuu wangu aliniita nione kinyonga kwenye ua, na harufu ya maua ya pareto yanayoanikwa ikanirudia puani. Alasiri moja ya utoto wangu, pareto ikiwa imeanikwa juani, shangazi zangu walimkimbia kinyonga shambani kwetu Mbeya, lakini mama, aliyezaliwa milima ya Iringa, alimsogelea.

"Madume ya kwetu yana pembe tatu," alisema taratibu. "Hili lenu halina kitu."

Nikadhani letu bado toto, nikawa nakwenda kila asubuhi kutazama kama pembe zimeota.

Sasa najua kwamba vinyonga hao waliozoea baridi ya milimani hawakuweza kuvuka joto la bonde la Usangu, na kwa vizazi visivyohesabika kila mlima ukajipatia aina yake, yenye pembe au isiyo nazo. Mama alilivuka kwa miguu kuja kuolewa, ndiyo maana nipo.