Bi Mkasi na Pumzi za Watu

Hata baada ya kuacha cherehani watu waliendelea kumwita Bi Mkasi, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Miaka thelathini alikata vitambaa, na hakuna mteja aliyetoka dukani kwake na uzi unaoning'inia. Aliweza kukusimamisha njiani, wewe na haraka zako, akakung'oa uzi mmoja begani, ndipo akuruhusu uende.

Siku hizi mkasi wake ulikuwa ndani ya kompyuta. Chanzo ni dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyemaliza vitabu kama wengine wanavyomaliza karanga. Macho yalimharibika, madaktari wakafanya lao, ikashindikana. Dada hakulia. Aligawa vitabu vyote kwa majirani, akageukia ukuta, akawa mtu wa kulala na kula, na huko kula kwenyewe mpaka abembelezwe. Bi Mkasi hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja, na aliona wazi kwamba dada anamponyoka mikononi. Aliogopa sana.

Basi akamkalia kooni mkutubi wa maktaba ya mtaa, wiki tatu mfululizo, mpaka akapewa stoo iliyojaa viti vibovu, aigeuze chumba cha kurekodi vitabu vya kusikiliza. Aliingia na wenzake wawili: muuguzi wa zahanati na kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Wakatoa viti, wakabandika magodoro ya zamani ukutani, wakatundika blanketi mlangoni. Kompyuta ilikuwa ile iliyochokwa na ofisi ya maktaba. Maikrofoni ilitoka kwa kwaya iliyopata mpya, na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta kilikuwa cha kinyozi, ambaye ujanani alijidhania mwanamuziki. Siku ya kwanza walirekodi saa nzima, wakasikiliza, wakasikia sauti kwa mbali kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. Kumbe maikrofoni waliigeuza mgongo.

"Kumbe tulikuwa tunausomea ukuta," muuguzi akasema, wakacheka mpaka mkutubi akaja kugonga mlango.

Kwa kuwa chumba ni cha wote, sheria ziliandikwa mlangoni. Kila mtu na zamu yake. Kila msomaji na folda yake. Sheria ya tatu aliitunga Bi Mkasi mwenyewe: kazi ikishahaririwa, mabaki yafutwe. Alisema diski ni ndogo, na kweli ilikuwa ndogo, ila tabia ya kutovumilia mabaki alitoka nayo kwenye cherehani.

Muuguzi na kinyozi wakasoma riwaya ya karani wa posta aliyepata barua isiyo yake na akatamani kuifungua. Bi Mkasi hakusoma. Aliishia darasa la nne, na mbele ya kitabu alikwenda kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kazi yake ilikuwa kukata, na hapo hana mpinzani. Sauti za wasomaji zilijichora kwenye kioo milima na mabonde, na katikati ya milima vikaonekana vijinyuzi vidogo vidogo. Akavikata. Alikata kwa macho, sauti ameizima kabisa, kwani nani alisikiliza kitambaa? Kikohozi, kata. Pumzi, kata. Pale muuguzi alipotulia kabla ya karani kuishika ile barua, kata. Saa nne za kusoma zikawa mbili na nusu, sura saba safi kama shati la bwana harusi.

Akampelekea dada kwenye kiredio kidogo. Dakika tano tu, dada akashika kifua.

"Zima. Zima, mdogo wangu!"

"Kuna nini?"

"Huyu mtu hapumui! Nimemfuata mpaka nimeanza kutweta mimi. Usiniletee tena vitu hivi."

"Dada, nipe nafasi moja tu. Jumamosi."

"Jumamosi, halafu uniache nilale."

Bi Mkasi alitoka amenuna. Kesho yake akaingia chumbani, akavaa hedifoni, akafumba macho ili amwonyeshe dada, japo hayupo, kwamba malalamiko yake ni kudeka tu. Dakika ya tatu akajikuta anatafuta hewa. Maneno yalikuja mbio, moja limekanyaga jingine, hakuna pa kumwona huyo karani wala kumwonea huruma. Alikuwa amewakata watu pumzi zao. Akakimbilia folda kutafuta sauti za mwanzo. Patupu. Sheria ya tatu ilikuwa imefuatwa vizuri sana.

Wenzake aliwaeleza pale kinyozini, mbele ya mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Yaani sura saba, Bi Mkasi?" kinyozi akauliza.

"Saba."

"Na pale nilipoigiza sauti ya bosi wa posta?"

"Hapo ndipo nilipokata zaidi."

Walimkasirikia, wakamcheka, wakakubali kurudia. Lakini muuguzi alikuwa na zamu mpaka Jumapili, na kinyozi mafua yalimfanya aongee kama bata. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Hakubaki mtu ila yeye.

Ijumaa mchana Bi Mkasi akaingia peke yake, akahakikisha uso wa maikrofoni uko upande wake, akajikaza kisabuni. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari. Kwenye neno gumu alikwama, akalirudia, akalipata mara ya tatu. Alimeza mate. Sura ya kwanza ilimchukua saa nzima na dakika kumi, na shati lililoa jasho mgongoni. Alipoona vile vijinyuzi kwenye kioo, mkono ulimwasha. Akaukalia.

Jumamosi dada alisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Pale pa neno la mara tatu, Bi Mkasi aliona aibu ya kufa, akanyoosha mkono azime.

"Acha," dada akasema.

Sura ikaisha karani akiwa ameishika barua juu ya mvuke wa birika. Dada akasema bila kugeuka:

"Huyu msomaji kitabu hiki hajakimaliza."

"Hajakimaliza."

"Nimejua tu. Anaogopa kugeuza ukurasa." Akaongeza: "Ni wewe."

"Ni mimi, dada. Nisamehe, unajua shule yangu."

Dada akageuka. Akakaa kitandani, miguu yake ikapapasa sakafuni kutafuta kandambili, na Bi Mkasi akashindwa kupumua, kwa kuwa wiki ngapi sijui alikuwa hajaona miguu hiyo ikitafuta kitu.

"Sasa kaifungua, hajaifungua?"

"Sijui. Sura ya pili sijaisoma."

"Hujui, na umekaa hapa unanitazama?" dada akafoka, kwa ile sauti ya mwalimu iliyowahi kutikisa darasa zima. "Hebu toka! Nenda kasome!"

Bi Mkasi alitoka mbio, analia barabarani mchana kweupe, na mlango wa watu akauacha wazi.