Mwaka wa Baba Haukuwa Umeisha

Gisenyi kwetu mwaka hauna haya, unaanza mara nyingi. Wakristo wana Bonane yao ya Januari, soda zinaisha madukani. Mama jirani, mzaliwa wa Kanzenze, anashikilia kuwa mwaka wa kweli ni Umuganura, watu wanapoonja mtama mpya wakati wa kiangazi. Sisi Waislamu tuna Muharamu, nayo inahamahama: leo iko kwenye vumbi, baada ya miaka kadhaa utaikuta kwenye matope. Haina ngoma wala nguo mpya. Msikitini inasomwa dua, nyumbani anayetaka anapika pilau.

Dada yangu mkubwa aliolewa Goma na Mkristo, akabatizwa. Ni mwendo wa miguu tu, unavuka mpaka wa Kongo umefika. Baba hakumfukuza, ila alimnyima salamu ya mwaka.

"Papa, bonane!" Kila Januari dada aliita hivyo tangu barabarani, kuku mzima mkononi, amemnunua soko la kwetu ili baba amchinje mwenyewe na asipate sababu ya kukataa kula.

"Mwaka yangu haiyaisha," baba alijibu, akichukua kisu.

Kuku alimla mpaka mifupa, mzee yule! Salamu ndiyo ilimkwama kooni. Dada alicheka, akaosha vyombo, kisha akalia njia nzima hadi mpakani. Ninajua kwa sababu ni mimi niliyemsindikiza.

Halafu ikaja Muharamu moja ya kiangazi. Baba aliniagiza pilau ya watu wengi, akavaa kanzu ya Ijumaa, akaweka kiti mlangoni, uso barabarani. Nilidhani anangoja wenzake wa msikitini. Adhuhuri ikapita, hakuna mtu.

"Papa, unangoja nani?"

"Dada yako. Hajui kama leo ni mwaka mupya?"

"Hajui, papa. Hakuna mutu alimuambia."

"Bon. Umupigie simu."

Nikasema sawa, nikaingia jikoni na simu mfukoni. Angetoka Goma saa ileile angekula nasi pilau ikiwa bado moto. Sikupiga. Nilikuwa nimempikia baba miaka yote hiyo, nimemfulia, nimempeleka hospitali kwa pikipiki akiwa amenishika kiuno, na hakuna siku aliyoweka kiti mlangoni kwa ajili yangu. Wivu ulinikaba, nasema wazi. Nilirudi nikamwambia simu ya dada haipatikani.

Alasiri alikula peke yake, akaacha nusu. "Basi, mwaka yenye inakuja," akasema, akavua kanzu.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza, hata Bonane haijafika. Nimemkumbuka mno, hata ule ukaidi wake. Kila kalenda inanichoma kwa zamu yake. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu analala kitandani kwangu.

Dada bado anakuja Januari. Mwaka huu tulikaa jikoni tukimenya viazi, akaniuliza bila kunitazama: "We ulikuwa naye mpaka mwisho. Papa aliniuliziaka hata mara moja?"

Nilifungua mdomo. Dada akaweka kisu chini, akangoja.